Siku Nilipoutosha Ukuta wa Bwana Hamadi

Aibu ninayo, tena si kidogo. Pale Kikula, mtaa wetu mjini Likasi, Kongo, hakuna tena anayeniita kwa jina nililobatizwa. Naitwa Papa Tosha. Wauza makaa wananiita hivyo, mashemeji wananiita hivyo, na Jumapili kanisani, tukifika pale pa kutakiana amani, jirani yangu wa benchi ananishika mkono anasema, "Amani kwako, Papa Tosha," na uso wake mkavu kabisa. Mke wangu alivumilia miezi miwili, sasa naye ameanza. Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana wale wanaoisimulia kwenye taxi-bus huongeza mamba, na mamba hakuwepo.

(Nawasimulia kwa Kiswahili cha vitabu, si kile chetu cha Likasi, ili asipatikane mtu wa kunielewa vibaya. Mtaona kwa nini.)

Mimi ni kapita. Kapita kwetu ni mkubwa wa mafundi kwenye chantier, yaani pale panapojengwa, yule ambaye habebi kitu ila kalamu sikioni, na anajua kila tofali limekaaje. Nimejenga nyumba nyingi Kikula, zote zimesimama, isipokuwa moja, na hiyo ilikuwa ya mkwe wangu na haihusiki hapa. Mwaka huo akaja kunitafuta Mtanzania mmoja, Bwana Hamadi, mtu wa Tanga, anauza vipuri vya malori pale mjini, mpole, mwenye sauti ya chini. Chifu wa kijiji kimoja upande wa Kapolowe alikuwa amempa kiwanja kando ya ziwa Tshangalele, na alitaka nyumba ya ufukoni. Sasa, sisi watu wa Likasi ziwa tunaliendea kununua samaki, tukishanunua tunarudi. Kujenga nyumba ambayo sebule yake inatazama maji, ukae hapo unayaangalia tu, jambo hilo hatunalo. Nikamwuliza kwa heshima kama anajua kwamba kuna mbu. Akasema anajua.

Kisha akanieleza sababu, na sababu ilikuwa mke wake.

"Fundi, mke wangu kazaliwa anasikia maji," aliniambia. "Miaka minne namwita, miaka minne anakataa, anasema huko uliko ni vumbi na malori. Sasa kakubali kuja kutazama. Kutazama tu. Akiikataa nyumba hii, fundi, kanikataa mimi."

Alisema hivyo akiwa anatazama viatu vyake, na mimi nikamwonea huruma palepale, kwa sababu mwanaume kumweleza kapita mambo ya namna hiyo siku ya kwanza si kawaida. Ndipo akaniuliza swali dogo. Akaniuliza: "Kiswahili chetu wakielewa vizuri?"

Ningeweza kusema kidogo. Ningeweza kusema tutasaidiana. Nikajipiga kifua, nikasema: "Kiswahili sanifu? Minye? Patron, nilikaa Tanzania."

Ni kweli nilikaa Tanzania. Nilikaa Tunduma mpakani siku sita, juu ya magunia ya mchele, kwenye lori la shemeji yangu lililokuwa linasubiri karatasi, na mtu niliyezungumza naye zaidi alikuwa mama muuza chai, na tulizungumza habari za chai. Lakini katika siku zile sita niligundua kanuni. Kanuni yenyewe ni hii: "ba" yetu ni "wa" yao. Sisi tunasema batu, wao watu. Sisi batoto, wao watoto. Ukitoa "ba" ukaweka "wa," umeshafika Dar es Salaam. Kwa miezi miwili kanuni hiyo haikuniangusha hata mara moja. Bwana Hamadi akisema, "Mafundi walete mchanga," mimi nawageukia mafundi, "Balete muchanga!" na mchanga unakuja. Mafundi wakaanza kunitazama kwa macho mengine. Isipokuwa Papa Kaseba, ambaye ni fundi mwenye miaka mingi kuliko mimi na hajawahi kushangazwa na kitu chochote. Yeye alisema tu, "Ile hata minye nilisikia."

Tukajenga. Na kazi iliyotuumiza kichwa ilikuwa ukuta wa mbele, ukingoni kabisa mwa maji, kwa sababu ziwa lile mvua zikikaza linapanda, na Bwana Hamadi aliogopa siku moja mkewe aamke akute samaki sebuleni. "Ukuta huo ndio roho ya nyumba," aliniambia. Basi roho ya nyumba niliijenga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikaweka kalamu chini. Bloku nzito, chuma ndani, saruji bila ubahili. Ulifika kidevuni kwangu. Kusema kweli, ule ndio ukuta bora niliowahi kujenga maishani, na walikuja watu kutoka kijiji cha pili kuuona.

Bwana Hamadi akasafiri kwenda Tanga kumleta mkewe na watoto, akatuachia chantier. Mpango ulikuwa wafike Jumamosi, na Watanzania wenzake wa Likasi waje na pilau, na chifu awepo, na mama apokelewe vizuri. Jumanne nikapanda juu ya rundo la kokoto, maana mtandao ulipatikana hapo tu, nikampigia simu akiwa tayari njiani kurudi.

"Patron," nikasema, "ukuta ya mbele, tuongeze mistari ingine?"

Upepo ulikuwa unavuma, upande wake kuna lori linapiga honi. "Hapana... fundi... ukuta watosha."

"Patron?"

"Watosha kabisa! Jumamosi... pawe pasafi!" Simu ikakatika.

Ninyi mnaosoma mmeshaanza kucheka, najua. Lakini nisikilizeni. Kwetu Katanga, kutosha ni kuondoa. Tosha viatu, maana yake vua. Tosha mukono, maana yake ondoa mkono wako hapo kabla hatujagombana. Mtu akifukuzwa kazi, bamemutosha. Na kitu kikiwa kiasi, hatusemi kinatosha, tunasema inaenea. Kwa hiyo mimi pale juu ya kokoto nikalichukua neno la patron nikalipitisha kwenye kanuni yangu, taratibu, kama mtu mwenye elimu: watosha... "wa" yao ni "ba" yetu... batosha... anataka kusema batoshe. Batoshe ukuta. Batoshe kabisa, Jumamosi pawe pasafi. Kila kitu kikakaa mahali pake.

Nikashuka nikawaambia mafundi.

"Batoshe ukuta?" akauliza Papa Kaseba. "Ile ukuta?"

"Njo vile."

"Kapita, ulizia tena."

Simu ilikuwa na chaji. Ilikuwa na vocha. Kokoto ziko hatua tano nyuma yangu. Lakini kumpigia tena ni kumwambia patron kwamba sikuelewa, na akijua sikuelewa hilo atajiuliza ni mangapi mengine ambayo sikuelewa, na mwisho tutafika mpaka Tunduma na chai. Nikamtazama Papa Kaseba, nikamwambia, "Kaseba, weye ulikaa Tanzania?"

Akachukua nyundo kubwa.

Ukuta ulikataa. Siku mbili nzima tuliupiga, watu wanne, na ulikuwa unakataa kwa sababu niliujenga vizuri. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Mama Ngoie, anayeuza samaki pale ufukoni na ambaye sauti yake inavuka ziwa bila mtumbwi, akaweka beseni chini akaniuliza, "Papa, ile ukuta iliwafanya nini?"

Kapita hawezi kusema hajui. Nikatafuta sababu haraka haraka, nikapata moja nzuri. "Ni ju ya bibi yake," nikamwambia. (Bibi kwetu ni mke, si nyanya, na hapo pia wengine wamewahi kupata taabu.) "Patron anataka bibi yake akifika aone mayi."

Wanawake wote wakasema "Eeeh!" wakawageukia waume zao, na wanaume wa kijiji kile hawajanipenda mpaka leo.

Ijumaa jioni pakawa pasafi. Bloku nzima tulizipanga nyuma ya nyumba, vipande tukavizika, mchanga tukaufagia. Nikasimama sebuleni nikatazama ziwa lote limelala mbele yangu, nikasema moyoni, kumbe patron ana akili.

Jumamosi nilivaa koti na tai. Saa sita hivi likaja gari la Bwana Hamadi, nyuma yake mabasi mawili madogo ya wageni na masufuria. Chifu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, wanawake wa samaki wamesimama mstari, mafundi wamenawa. Bwana Hamadi akashuka anatabasamu. Tabasamu likabaki pale pale usoni, lakini macho yakaanza kutafuta. Yalitafuta mbele, yakatafuta kushoto, yakatafuta kulia, halafu, na hili sitalisahau, akainama kidogo akachungulia nyuma ya nyumba, kana kwamba ukuta umetoka mara moja utarudi.

Mkewe akashuka. Wote tulikuwa tunamwita Mama Zuhura hata kabla hajafika, kwa jina la binti yao mkubwa. Mwanamke mfupi, buibui lina vumbi la nchi tatu, amechoka, na alitazama nyumba kama mtu aliyekuja kutia sahihi aondoke. Masanduku yake mawili yalifungwa kamba mara nne nne. Kabla hajatamka salamu, Mama Ngoie akapaza ile sauti yake:

"Mama! Bwana yako anakupenda kweli, vraiment! Ametosha ukuta muzima ju yako!"

"Ametosha?" akasema Mama Zuhura. "Nani katosha?" Akamgeukia mumewe. "Umetosha nini, Hamadi?"

"Ukuta! Ametosha ukuta!" wanawake wakaitikia, wakamwonyesha kwa vidole mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mama Zuhura akapatazama mahali pale. Ndipo yule mama akanigeukia mimi, kwa adabu nzuri sana.

"Samahani, wewe ndiye fundi ambaye mume wangu kaniambia umekaa Tanzania? Hebu nisaidie. Wanasema nini hawa?"

Nikaweka tai sawa. Nikasogea mbele ili chifu aone, wageni waone, na Kaseba hasa aone. Nikasema kwa sauti kubwa: "Mama, kutosha ni kuondoa! Kitu kilikuwepo, sasa hakipo."

Akamtazama mumewe. Akanitazama mimi, muda mrefu, na kuna kitu kilipita machoni mwake ambacho sikukijua ni nini. Halafu akasema polepole, "Kumbe. Sisi kwetu kutosha ni kuwa kiasi. Ukipakuliwa wali, ukiwa hutaki tena, unasema, watosha."

Watosha. Safari hii bila upepo, bila honi. Nikaisikia simu yote upya, neno kwa neno, tangu hapana mpaka pasafi. Na nyuma yangu Papa Kaseba, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Kumbe! 'Watosha' ya patron njo 'inaenea' yetu! Kapita, minye nilisema ulizia tena!"

Jamani, nimewahi kuchekwa. Nimewahi kuanguka kwenye harusi. Lakini kicheko kile kilianza kwa mafundi, kikaenda kwa wanawake wa samaki, kikapita kwa chifu (alivua kofia, akajifutia machozi), kikaenda ufuko mzima mpaka kwa watu wa mitumbwi, ambao waliuliza kuna nini, wakaelezwa kwa kupigiwa kelele, wakaanza nao. Watanzania wa pilau hawakujua inaenea ni nini, lakini walicheka pia kwa sababu watu wote walikuwa wanacheka. Mimi nikarudi nyuma kutafuta pa kuegemea. Kwa mazoea ya miezi miwili, nikaegemea ukuta.

Nilianguka ziwani na koti langu. Maji yalifika kifuani nikiwa nimekaa. Sikuona sababu ya kusimama.

Kutokea pale chini nilimwona Bwana Hamadi vizuri sana. Aliniangalia, na nikajua sasa nakufa, na nikaona ni haki. Kisha akayatazama yale masanduku yenye kamba. Akamtazama mkewe.

"Ndiyo," akasema. "Niliagiza uondolewe. Nilitaka ukifika uone maji."

Mama Zuhura akavua viatu, akatembea mpaka pale mawimbi yanapoishia, akasimama anatazama ziwa, mimi nikiwa ndani yake upande wa kushoto. Halafu akageuka akasema pilau linapoa, watu wale.

Baada ya chakula Bwana Hamadi alinichukua nyuma ya nyumba, zilipo bloku zangu.

"Fundi, mvua zinakuja."

"Ndiyo, patron."

"Utaujenga tena. Ufike magotini tu, asipoteze maji. Chini uwe mnene, imara."

"Ndiyo, patron."

"Na mimi niliposema ukuta wa..."

"Nimeelewa, patron."

"Usiniambie umeelewa," akasema. "Nakuomba."

Jumatatu nilirudi peke yangu. Mafundi sikuwataka, malipo sikuyataka. Bloku moja moja, kwa mikono yangu. Na kila asubuhi nikifika, mlango wa sebule ukiwa wazi, nayaona yale masanduku mawili yamesimama karibu na mlango na kamba zake. Siku ya kwanza. Siku ya nne. Siku ya sita. Bwana Hamadi akipita anayazunguka bila kuyagusa, na watoto wanatolewa nguo kwenye mfuko wa plastiki. Niliona wazi kabisa jambo lenyewe: mtu amejenga nyumba ili mke wake abaki, halafu mimi kwa kiburi changu nimempokea mgeni huyo kwa ukuta uliovunjwa, na akiondoka, Bwana Hamadi ataishi peke yake pale anatazama maji ambayo hata hayapendi. Jumapili niliyaombea masanduku yale kanisani. Sijui kama inaruhusiwa, Mkatoliki kuombea masanduku ya Waislamu, sikumwuliza padri.

Siku ya kumi nikafika, nikakuta kamba zimefungwa nje kutoka nguzo hadi nguzo, na juu yake kanga na nguo za watoto zinakauka. Masanduku yako juani, wazi, hayana kitu.

Mama Zuhura akaja na chai, akanipa kikombe, akaketi kwenye sehemu ya ukuta iliyokwisha.

"Fundi," akasema, "siku ile mume wangu alipokupigia simu, au wewe ulipompigia, mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake."

Nikaweka mwiko chini.

"Nilimsikia kwa masikio yangu anakwambia ukuta watosha. Kwa hiyo pale ufukoni uliponieleza kutosha kwenu ni nini, nilijua kabla yako."

"Basi mama ulijua kwamba patron..."

"Kwamba ananidanganya? Ndiyo." Akanywa chai. "Ukuta wake umevunjwa, watu wote wanacheka. Angeweza kukupiga wewe. Angeweza kunilaumu mimi na safari yangu. Yeye akatafuta neno la kunifurahisha. Miaka kumi na mitatu ya ndoa sijamwona akilitafuta neno hilo. Nilikuja na la kwangu la kumwambia, fundi, nilikuwa nimeshalipanga tangu Tanga. Nimeliacha."

Nikasema wafwako, mama, ambayo kwetu ni asante. Akaielewa.

"Asijue kwamba najua," akasema akinyanyuka. "Akijua, ataanza kueleza."

Tangu siku hiyo nimeapa. Ukalimani nimeacha. Patron akinipa amri namrudishia kwa maneno yangu mara tatu, simu iko kwenye sauti ya juu, Papa Kaseba amesimama pembeni kama shahidi mahakamani (anafurahia sana, ameanza kuvaa koti). Na mtu akiniuliza kama niliwahi kukaa Tanzania, nasema nilipita. Wananiita Papa Tosha, naitika.

Jioni ya siku ile ya chai Bwana Hamadi alitoka mjini, akaona nguo kwenye kamba. Akagusa kanga moja, akaiachia. Kisha akaja kwangu, akajifanya anakagua ukuta.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "watoto wanasema mama yao alikaa hapa na wewe muda mrefu. Alikuwa anakwambia nini?"

Nikafuta mwiko wangu, upande mmoja, na upande wa pili.

"Sikuelewa, patron," nikamwambia. "Kiswahili chake ni kigumu."